Mitungi Mitatu

Tasnifu ya Pyo Hae-won ilihusu chumvi katika mitungi ya udongo ya kuchachushia soya. Ili ahitimu Februari alihitaji mihuri mitatu ya jopo kwenye ukurasa wa idhini, na wa kwanza kupiga muhuri angekuwa msimamizi wetu, Profesa Maeng.

Maabara yetu pale Jeonju ilikuwa na tanbihi ya kurithi. Kila aliyetutangulia aliandika kwamba mitungi ya mkoa mzima ilitiwa chumvi asilimia ishirini, kisha akataja ripoti ya serikali ya mwaka 1964. Ripoti yenyewe hakuna aliyeiona. Wote walinakili kutoka kitabu cha Profesa Maeng. Hae-won alipanda basi hadi Seoul, akaisoma maktabani.

Aliporudi aliweka nakala ya ukurasa mezani kwangu, karibu aifunike kimbap yangu, wali niliokuwa nakula ukiwa umeviringishwa kwa mwani.

"Dada, hebu soma."

Nikasoma. Iliyopimwa ilikuwa mitungi mitatu, ya nyumba moja. Mkoa haukutajwa popote.

Gil Tae-ung, aliyekuwa akimalizia uzamivu, alichungulia begani kwangu akacheka. "Mtoto una balaa wewe! Andika tu 'imenukuliwa katika Maeng'. Kanuni inaruhusu, na kosa linabaki kwake."

"Inaruhusu kama chanzo hujakiona, kaka. Mimi nimekiona."

"Nani atajua?"

"Wewe ushajua."

"Haya, muhuri utajipiga wenyewe, tutauona."

Hae-won alifuta kurasa nne za sura yake ya mwisho, kwa sababu zote ziliegemea ile asilimia ya mkoa. Kisha akaandika kwenye tanbihi: "Maeng (1993) anaitaja ripoti hii ya serikali kuhusu mkoa mzima, ripoti yenyewe ilipima mitungi mitatu ya nyumba moja (uk. 52)." Nilitafuta neno la kupunguza katika sentensi hiyo, sikulipata. Haikumkejeli mtu wala kumsifu mwandishi wake.

Siku ya utetezi Profesa Maeng aliisoma tanbihi hiyo kwa sauti. Wajumbe wawili wa jopo wakainamia vikombe vyao vya kahawa. Tae-ung akanikanyaga mguu.

"Nani kakutuma Seoul?"

"Hakuna, Profesa. Nilitakiwa nitaje ukurasa, na kitabu chako hakikutaja."

Aliomba nakala. Aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini.

"Mimi niliitoa kwenye makala ya mwalimu wangu," alisema. "Ripoti sikuifungua." Kisha akagonga tanbihi kwa kidole. "Lakini hii haijakamilika."

Hae-won akabadilika rangi. "Imepungua nini, Profesa?"

"Chini ya jedwali pana jina la aliyepima, Bibi Yeom Sun-ak. Wewe umetaja serikali peke yake. Serikali haikuinama juu ya mtungi. Mtaje."

"Nimekosea, Profesa."

Aliliandika jina kwa kalamu hapo hapo. Profesa Maeng alisubiri hadi akamaliza, akahakiki herufi moja moja dhidi ya nakala, ndipo akachovya muhuri kwenye wino mwekundu na kuukandamiza kwenye ukurasa wa idhini. Wale wawili wakafuata.

Toleo jipya la kitabu chake lilitoka miaka miwili baadaye. Katika sura ya chumvi mkoa umeondoka, imebaki mitungi mitatu. Tanbihi inamtaja Yeom Sun-ak, aliyepima, na Pyo Hae-won, aliyesahihisha, pamoja na ukurasa.