Mawifi na Homa ya Zizini

Saa saba mchana, daktari wa mifugo aliingia kituo cha afya kwa mlango wa nyuma, akavua mabuti yake ya mpira kizingitini na kupaza sauti: "Wifi! Sabuni kwanza, salamu baadaye!"

Watu walimwita Buti, maana hata harusini alishaonekana nayo miguuni. Muuguzi mkuu wa kituo hicho alikuwa mke wa kaka yake, na tangu aolewe, wawili hao hawakuwahi kumaliza siku bila kutaniana.

"Unanuka zizi zima," alisema Muuguzi akimmiminia maji. "Leo umezalisha nini?"

Buti hakucheka. "Nimezalisha maiti. Kondoo thelathini na mmoja wametupa mimba tangu juzi, zizi moja tu. La jirani nalo hivyo hivyo. Vitoto vilivyozaliwa hai havimalizi siku mbili."

Jagi lilisimama hewani. "Mazizi ya wapi?"

"Kule bondeni, kwenye madimbwi ya mafuriko. Mbu wa huko, wifi, ukifungua mdomo umeshakula."

Muuguzi aliliweka jagi chini, akaenda mezani na kurudi na daftari la wagonjwa. Kwa siku kumi alikuwa amelaza watu watano waliokuwa wakimsumbua akili. Wote walikuwa na homa kali, mwili kuuma kama umetwangwa, macho yasiyotaka mwanga. Na kila akiwapima malaria, hakuna kitu. Asubuhi hiyo wa tano alikuwa mchinjaji wa machinjio ya mji, mwanamume wa miraba minne, aliyeletwa akishikiliwa huku na huku. Fizi zilikuwa zinatoka damu, na mkewe aliposimama mbele yake, mgonjwa aliuliza huyo ni nani.

"Nisikilize," alisema Muuguzi, kidole kikitembea kwenye mistari. "Huyu anachinja. Huyu mama anafuga, juzi alivuta vitoto vilivyokufa kwa mikono mitupu. Huyu anakunywa maziwa ya mbuzi bila kuchemsha. Hawa wawili sijawaelewa, kwenye kazi wameandika kibarua tu."

Buti aliinama juu ya daftari, maji yakimdondoka viwikoni. "Hawa nawajua! Ni mtu na mdogo wake. Wanachunga zizi ninalotoka sasa hivi."

Walitazamana.

"Mimi naona wanyama, wewe unaona watu," alisema Buti polepole, "na kila Jumapili tunakula meza moja tunazungumza upuuzi!"

"Ni ugonjwa mmoja?"

"Homa ya bonde la ufa. Nimeisoma chuoni, sijawahi kuiona kwa macho. Mayai ya mbu hulala udongoni miaka na miaka, mafuriko yakija yanaanguliwa yote kwa mpigo. Mbu anauma kondoo. Mtu anaumwa na mbu huyo huyo, au anashika damu, au anakunywa maziwa mabichi." Alikuwa akiongea haraka mpaka anameza maneno. "Wifi, tumeikamata! Tumeikamata ikiwa bado mbichi!"

"Tumeishuku," alisema Muuguzi. "Atakayesema tumeikamata ni maabara. Hebu nione mkono wako."

Kwenye kidole gumba cha Buti palikuwa na mchubuko. Glovu ilichanika juzi, alieleza, kitu kidogo tu.

"Keti."

"Sina muda wa—"

"Keti nikutoe damu, au nimwite kaka yako akukalishe."

Aliketi. Ndani ya nusu saa, vichupa vya damu ya watu sita, na vya kondoo wanane ambavyo Buti alitoka navyo zizini, vilikuwa ndani ya kiboksi cha barafu, na dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameshika njia ya maabara kuu. Gari lilipopotelea kwenye kona, Buti alijipiga paji la uso.

"Kesho ni mnada!"

Kila Ijumaa mifugo ya bonde lote iliuzwa katika uwanja mmoja, kisha ikapakiwa kwenye malori na kutawanyika miji yote. Msimamizi wa mnada huo alikuwa kaka yake Buti. Mawifi walimkuta ofisini akigonga mhuri vibali, wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja.

"Mmenivamia kama nzige," alisema. "Mmoja mmoja. Majibu ya maabara yako wapi?"

"Njiani," alisema Buti.

"Kwa hiyo nifunge mnada kwa majibu yaliyo njiani?"

"Kaka, malori kumi na mawili yakiondoka hapa kesho, homa itapanda bure na kushuka kila mji."

Msimamizi alishika kichwa. Ndipo Muuguzi alipomwambia kwa upole: "Baba watoto, rafiki yako mchinjaji yuko kitanda namba tatu. Nenda ukamsalimie, kisha uamue mwenyewe."

Alienda. Alisimama hatua moja kutoka kitandani, na mtu aliyecheza naye bao miaka kumi na tano akageuza uso na kuuliza, "Nani huyo?" Msimamizi alitoka nje, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Kipaza sauti cha mnada kiko wapi?" aliuliza.

Ijumaa alfajiri Buti aliamka mwili wote ukimuuma, kichwa kikigonga. Muuguzi hakumsikiliza alipotaka kwenda mnadani. Alimlaza kituoni ndani ya chandarua ili mbu wasimuume na kumwambukiza mwingine, akamwachia simu, kisha akaenda mnadani badala yake.

Lango lilikuwa limefungwa. Nje yake wafanyabiashara walikuwa wamefura, malori yakipiga honi, mbuzi wakilia. Msimamizi alipanda juu ya ngazi ya kupakilia na kutangaza kwamba hakuna mnyama atakayeingia wala kutoka. Kelele zilizozuka zilimfanya arudi hatua moja nyuma.

"Mkeo ni wa kuchoma sindano watu!" alifoka mmoja. "Anajua nini habari za kondoo?"

Muuguzi alipanda ngazini kando ya mumewe. Alimpigia wifi yake, akaweka simu mbele ya kipaza sauti. Sauti ya Buti ikanguruma uwanja mzima, imekauka lakini kali.

"Mimi ni Buti! Nawaongelesha nikiwa kitandani, na kilichonilaza ni hao kondoo wenu. Nawauliza swali moja. Nani kati yenu kondoo wake hajatupa mimba wiki hii? Ajitokeze mbele nimsikie!"

Kisha mfanyabiashara mnene, yule yule aliyefoka, alivua kofia.

"Wangu kumi na wanne," alisema akitazama chini. "Nilidhani ni majani mabaya."

"Wangu tisa," alisema mwingine.

"Wangu wote."

Moja baada ya jingine, malori yakaanza kugeuza, yakiwa matupu.

Majibu yalikuja Jumatatu. Muuguzi aliyasikiliza kwa simu ya ukutani, akaiacha ikining'inia na kukimbia korido nzima viatu vikimvuka. Watu wote sita walikuwa na homa hiyo, Buti akiwemo, na kondoo saba kati ya wanane. Mpaka jioni machinjio yalikuwa yamefungwa na redio ilikuwa ikiwahimiza watu wachemshe maziwa, wasiguse mizoga, walale ndani ya vyandarua.

Wachungaji wawili walipona ndani ya wiki, na wengine wakawafuata. Mchinjaji alichukua mwezi mzima, na jicho lake la kushoto lilibaki na ukungu, lakini aliondoka kwa miguu yake, akigombana na Msimamizi juu ya nani alikuwa anaongoza kwenye bao.

Buti alitoka kitandani siku ya nane, wiki ile ile chanjo zilipofika kwa ajili ya vijiji vya juu ambako homa ilikuwa haijapanda. Kulikuwa na gari moja tu. Mbele walikaa mawifi, nyuma masanduku ya sindano za mifugo na vifaa vya kupimia watu. Katika kijiji cha kwanza walikuta foleni ya kondoo na mbuzi imezunguka kisima mara mbili, wafugaji wakipunga mikono.

"Wangapi hao?" aliuliza Muuguzi.

"Elfu na ushei," alisema Buti, akifungua mlango kabla gari halijasimama. "Sindano moja kwa mnyama mmoja, tusisambaze homa wenyewe! Wewe shika wenye miguu miwili, wifi. Nami nina wangu!"