Tuta la Mheshimiwa

Sifichi kitu mimi: ubunge uliniibia mume. Nilimpeleka Dodoma mwanamume mwenye viganja vigumu, nikarudishiwa mzee wa kitambi anayeomba maji ya chupa kwenye nyumba yenye mtungi.

Nilipompata, Bartholomeo alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha kulima hapa Songwa. Pamba kwetu hailimwi kwa upweke. Leo kwangu, kesho kwako, ngoma mbele, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mwimbishaji ndiye anayewasahaulisha watu jua. Ah, sauti ile! Siku moja niliacha kulima nikabaki namkodolea macho, mama akanifinya mbele za watu. Tulioana mwaka huohuo, baada ya kuuza pamba.

Suti yake ya kwanza ilishonwa kwa kitambaa cha dukani kwa Pranlal, Shinyanga mjini, alipochaguliwa mwenyekiti wa ushirika. Akagombea udiwani kwa suti hiyohiyo, na ubunge pia. Bungeni aliipigania bei ya pamba mpaka sauti ikamkauka, hilo simnyimi. Ila zamu yake ya kulima ilipofika, alikuwa anatuma trekta. Kikundi kilishukuru, kikanyamaza. Nawajua watu wetu. Wakinyamaza hivyo, wameshakutoa.

Kura za maoni zilizopita zikamwangusha. Simu zikaacha kulia, wapambe wakayeyuka. Akawa mtu wa kushinda barazani akifukuza kuku. Mvua za kwanza ziliponyesha akasema anataka kurudi kwenye kikundi. Nikacheka. Kumbe hatanii.

"Wakinikataa hawa, Mama Wema," akaniambia, "mimi nitakuwa mtu wa wapi?"

Usiku ule usingizi uliniruka.

Asubuhi tukaenda. Kiongozi wa kikundi sasa ni Marselino, aliyechunga ng'ombe na mume wangu tangu wadogo. Utaratibu wa kikundi kila mtu anaujua: aliyeacha zamu harudi pale alipoachia. Anaanza upya, anabeba maji ya wenzake kwanza, halafu anapewa tuta la mwisho pembeni. Na hasemi kitu, anasalimia tu na kupokea ndoo.

Sasa mume wangu alifanya nini? Alipanda juu ya kichuguu, akakohoa, akaanza: ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa. Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Watu wakatazama majembe yao. Nikamvuta shati, nikamwambia kwa Kisukuma ashuke haraka kabla sijamshusha mwenyewe.

Marselino wala hakucheka. Alimsogezea ndoo.

Bartholomeo akaipokea. Alizunguka na maji yale, akawanywesha mpaka vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari mheshimiwa. Jua lilipokuwa kali, Marselino akamwonyesha tuta la pembeni. Ngoma ikalia. Moyo wangu, we acha tu! Wenzake walimwacha mbali, shati limemgandia mgongoni, na tuta linakwenda upande upande kama njia ya mlevi.

Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba watamhurumia. Alipokuwa mbunge, alikuja na wapiga picha, akainua jembe mara chache, wakamwambia inatosha mheshimiwa, pumzika, wakampigia makofi. Wakimwambia hivyo leo, basi, tumekwisha. Tutakufa tukisalimiwa kwa heshima.

Marselino alitoka kwenye mstari wake. Akaja mpaka pembeni, akalitazama lile tuta, akalisukuma kwa mguu likabomoka.

"Batolomeo," akasema, wala hakushusha sauti, "tuta gani hili? Pamba itasimama wapi? Livunje lote, uanze upya."

Mwanamke mmoja akaguna kwamba hata bibi yake kipofu angelima vizuri zaidi. Mstari mzima ukaangua kicheko. Mume wangu akafuta jasho, akatazama alikotoka, kazi yote ile. Kisha akacheka na yeye, kicheko kile nilichokuwa nimekisahau.

"Haya, kaka," akasema.

Akarudi mwanzo, akainama, akaanza kulivunja. Mimi nikageukia kwenye ua wa minyaa nikalia kwa furaha, wala sioni haya kusema. Kwetu mgeni hagombezwi hata siku moja.