Zimeanguka Nne

Tangu Wahiba aingie eda, shemeji yake Hamoud alikuwa haishi kuja Kibamba baada ya Alasiri, na kila akija maneno ni yale yale: bunduki ya marehemu. Muhannad, mume wa Wahiba, aliimiliki kwa kibali kwa sababu ya wezi waliokuwa wakiruka ukuta. Sasa mwenye kibali kafa, na polisi wameshasema irudishwe kituoni. Wahiba hawezi kutoka, yumo edani. Binti yake Khulud hajui hata pa kuishika. Kabaki Hamoud, na Hamoud kanogewa.

"Kesho, shemeji," alisema leo tena, toka upande wa pili wa pazia. "Leo acha nimfundishe Khulud kuijaza. Nyumba ya wanawake watupu hii."

"Kesho hiyo naisikia tangu arobaini haijafika. Na ikirudishwa, atakuwa kajifunza ya nini?"

Wahiba alikaa kitandani na tasbihi yake, mlango wazi, pazia limeshuka, maana shemeji si maharimu. Hakuona kitu, lakini alisikia kila kitu. Leo kulikuwa na mbinu mpya Hamoud aliyoiona kwenye video ya simu: mtu anazishika risasi zote kiganjani, anazisukuma tumboni mwa bunduki kwa dole gumba, moja inaifukuza nyingine. Ila vidole vya Hamoud vimezoea boliti za duka lake la spea Temeke. Risasi zikamponyoka, zikatawanyika kwenye vigae.

"Ami, hizo si ndo zenyewe?" Khulud aliuliza.

"Za kujifunzia sikupata. Wewe usiogope, usalama ndo somo la kwanza."

"Astaghfirullah," Wahiba alisema, akaanza upya dhikiri aliyokwisha kuikatiza mara mbili.

Hamoud akaziokota, akazisukuma tena ndani, safari hii polepole. "Haya, sasa kuzitoa. Zimeingia tano, nakoki mara tano. Angalia mkono."

Chuma kikalia, kikalia tena. Risasi ikagonga kigae, ikafuata nyingine. Wahiba akashtuka kuona kidole chake kinahamisha punje ya tasbihi kila risasi inapoanguka, wala hamtaji Mola. Akaudhika hata na kidole chake.

"Tupu hiyo," Hamoud alisema. "Shika, Khulud. Elekeza ukutani, vuta hapo uone ilivyo laini."

"Khulud, usiguse." Sauti ya Wahiba haikupanda. "Hamoud, zimeingia ngapi?"

"Tano, shemeji."

"Zimeanguka nne."

"Nimekoki mara tano, nimehesabu."

"Sijakuuliza umekoki mara ngapi. Okota unihesabie."

Akamsikia akipiga magoti. Hamoud akatafuta chini ya kabati, akavuta kochi, akainua jamvi.

"Labda imeingia uvunguni huko."

"Haijaingia popote. Mie humu panya akipita namsikia, nisisikie risasi? Nenda mlango wa uani, ielekeze mchangani, ukoki tena."

Miguu ikaburuzika kwenda. Chuma kikalia. Kitu kikagonga sementi ya kizingiti, kikabingirika, kikatulia.

"Kumbe koki ya kwanza inapandisha risasi mtutuni tu," Hamoud alisema. "Haitoi kitu."

"Huyo wa kwenye simu hakusema?"

"Alisema. Nilirukaga hapo, maneno mengi."

Wahiba aliikumbuka ile sauti: ukutani, vuta hapo. Ukuta wenyewe ndio huu alioegemea yeye.

"Kituo cha polisi kinafungwa saa ngapi?"

"Hakifungwi, shemeji."

"Basi kesho ya nini?"

Funguo za gari zikalia mkononi mwa Hamoud.

"Khulud, chukua kibali cha baba yako, uende naye. Usirudi mpaka uone kwa macho yako imepokelewa."

Akangoja mpaka geti lilipofungwa na mlio wa gari ukaishia mbali. Halafu akairudia punje ya kwanza.