Vioo vya Shangazi Incoronata

Nimefanya kazi za kila aina, nimevuna zabibu, nimetandika reli, nimeosha sahani melini, lakini hakuna niliyoipenda kama hii ya kukagua vioo. Kijiji chetu cha Serracreta kimekaa juu ya kilima cha udongo wa mfinyanzi, na kilima hicho kinatembea. Nyumba ikipata ufa, fundi anabandika kipande cha kioo juu yake, ncha zote mbili anazishika kwa plasta, kisha anaandika tarehe. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinakatika. Mimi hupita kila Jumatatu na daftari.

Nyumba iliyonishinda ni ya Shangazi Incoronata. Kushoto kwake, kwa mshona viatu, kioo kilishakatika mara sita. Kulia, zizi la mbuzi liliteremka bondeni pamoja na kengele zake. Cha kwake kizima, tarehe ileile ya miaka miwili iliyopita. Yaani mvua inakata kilima kama kisu kwenye jibini, halafu inaruka mlango mmoja tu?

"Mtakatifu Roko ananipenda," alisema nilipomwuliza.

"Na mbuzi je, hawapendi?"

"Mbuzi hawaendi kanisani, Egidio."

Alhamisi Mhandisi Lapenna alikuwa anakuja. Nyumba yenye kioo kilichokatika ingefungwa, mwenyewe ahamie mtaa mpya kule chini, kwenye mwamba. Shangazi alizaliwa ndani ya nyumba ile, na alishamwambia kila mtu kwamba atatoka humo amebebwa.

Jumatatu kabla ya hapo niliwahi kuliko kawaida. Ilikuwa Februari, kuta zote baridi kama mtungi. Nikaweka kiganja kwenye plasta ya kile kioo. Ilikuwa na joto. Plasta hupata joto pale tu inapoanza kushika; baada ya hapo inapoa na haipati tena.

"Shangazi, ukuta wako una homa."

Akakaa kitini. "Nani alikutuma uamke mapema, mzururaji wewe?"

"Umebadilisha vingapi?"

Alipanda kwenye stuli, akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlijaa vipande vya vioo. Kila kioo kilifungwa kwa gazeti, na juu ya gazeti ameandika siku kilipokatika kweli. Aliogopa kuvitupa, mtu asije akaviona.

Nilipaswa kukasirika. Badala yake nikavuta kiti. Tukavipanga mezani kwa tarehe, kuanzia kwenye mkate hadi kwenye chumvi.

"Hiki?"

"Wiki tuliyochinja nguruwe. Ilinyesha siku nne."

"Hiki?"

"Kifo cha padri. Tulimzika kwenye matope."

"Na hiki cha Agosti? Agosti hainyeshi."

"Hicho nilikivunja mwenyewe kwa ufagio. Kitoe."

Nikakitoa. Vyote vilivyobaki vilikatika siku ya tatu baada ya mvua. Siku tatu: ndio muda wa maji kupenya mchanga wa juu hadi kwenye udongo wa chini, ule unaoteleza kama sabuni. Miaka kumi na moja nimeishi juu yake nisijue. Daftari langu la Jumatatu lisingeniambia. Yeye alilala chini ya ule ufa, akasikia kila kioo kikilia.

"Na cha leo kilifuata mvua gani?" nikauliza.

"Ile ya Ijumaa," akasema taratibu. "Manyunyu tu. Hata nguo sikuanua."

Akarudisha macho kwa kile cha nguruwe, siku nne za mvua, akavipitia kimoja kimoja mpaka mwisho wa meza. Kila kimoja kilikatika kwa mvua ndogo kuliko kilichotangulia.

Alhamisi alimkabidhi mhandisi kopo kabla hajavua kofia. "Soma. Na usinifokee, nimeshajifokea." Akatoka kwa miguu yake, kibakuli cha chachu ya mkate kwapani. Safu ile yote ya nyumba ilihamishwa wiki hiyohiyo. Nyumba yake ilishuka bondeni Aprili, siku ya tatu baada ya mvua, haina mtu.

Nilipomtembelea mtaa mpya, alikuwa ameshakoroga plasta kwenye bakuli.

"Bandika kioo hapo, juu ya mlango."

"Shangazi, huku ni mwamba. Ufa wenyewe uko wapi?"

"Mwamba umeuuliza? Bandika. Halafu uandike tarehe, Egidio. Ya leo."