Mstari wa Juu Kushoto

Saa tisa na dakika kumi alasiri kamera tatu zilikuwa zimepangwa juu ya kaunta ya kioo, betri zake zimetolewa na kulazwa ubavuni mwa kila moja. Nyuma ya kaunta alisimama fundi, mtu wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Mbele yake walikuwa wanawake wawili. Mmoja alikuwa karani wa ripoti katika ofisi ya ukaguzi wa madaraja, aliyekuja kununua. Wa pili alikuwa wifi yake, mpiga picha za pasi na za harusi, aliyeletwa asaidie kuchagua na ambaye tangu waingie dukani alikuwa hajasaidia kitu.

"Hii ndiyo yako, wifi," alisema, akiinua ile ya kwanza, mpya, yenye rangi ya fedha. "Kioo chake kinageuka mbele. Utajipiga ukiwa chini ya daraja, kaka yangu ajue mkewe kalala wapi."

"Kaka yako anajua nitalala wapi. Fundi, hii ina kizuia mtikisiko?"

"Haina. Lakini ni mpya, mama. Haijashikwa na mtu."

"Sikuuliza nani kaishika."

Fundi akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya machoni, akamtazama vizuri.

Karani alikuwa na laki sita na muda wa saa moja na dakika hamsini. Saa kumi na moja kamili mhandisi angefunga orodha ya safari: madaraja kumi na manne, siku tisa, gari kuondoka alfajiri ya kesho. Mpiga picha wa siku zote alikuwa ameacha kazi wiki iliyopita na kuondoka na kamera yake, kwa kuwa katika ofisi ile mpiga picha huja na kamera kama mwashi ajavyo na mwiko wake. Walioomba nafasi hiyo walikuwa wawili, karani na mtu wa maabara ya zege. Mhandisi aliwapa sharti moja. Panda ngazi, mkono mmoja ushike ngazi, mkono wa pili upige picha ya kadi ya vipimo iliyobandikwa ukutani, mita moja na nusu kutoka ulipo. Mstari mwembamba kuliko yote kwenye kadi hiyo una upana wa sifuri nukta mbili ya milimita. Usomeke. Usiposomeka, baki ofisini.

Ofisini karani alikuwa amebaki miaka minne. Nyufa walizoziona wengine zililetwa mezani kwake zikiwa picha. Yeye alipima, akaandika, akapeleka mbele. Mwaka uliopita aliandika ufa wa sentimita thelathini katika nguzo ya daraja moja. Daraja lilifungwa siku mbili. Wakaguzi walipopanda na taa hawakukuta ufa wowote. Ulikuwa unywele ulioingia ndani ya kamera ya mpiga picha, na ulikuwamo katika picha zote za siku ile, mahali palepale. Laiti angeweka picha mbili kando kwa kando angeuona. Hakuziweka. Tangu hapo jina lake ofisini likawa Bi Unywele, na mhudumu wa mapokezi alilitumia hata mbele ya wageni. Safari ya kesho ndiyo ya kwanza ambamo angeuona ufa kwa macho yake kabla ya kuuandika. Nyingine ingekuwa baada ya miaka miwili.

Akatoa nakala ya kadi ya vipimo mkobani, akaibandika kwenye ukuta wa duka karibu na msumari wa kalenda, akahesabu hatua. Akashika rafu kwa mkono wa kushoto kana kwamba ni ngazi, akapiga kwa ile mpya. Akakuza picha. Mstari wa nukta nne ulisomeka. Wa nukta tatu ulikuwa ukungu. Wa nukta mbili haukuwepo kabisa.

"Pumua kwanza, upige pumzi ikiisha," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kazi. "Kiwiko kibane ubavuni. Wewe unapiga kama unayefukuza nzi."

Karani akapiga tena mara nne. Nukta tatu ilisomeka mara moja. Bei yake ilikuwa laki sita kamili, bila betri ya akiba.

"Weka kando," alisema.

Ya pili ilikuwa ndogo kuliko zote, lenzi yake haitoki. Wifi alipiga nayo picha moja tu kwenye kona yenye giza, akaikuza, akairudisha. "Chini ya daraja ni kama kona hii. Angalia chenga hizi. Utampelekea mhandisi picha ya uji."

"Kizuri chajiuza," alisema fundi.

"Na kibaya ndicho hiki unachokitembeza tangu tuingie," alijibu wifi.

Ya tatu ilikuwa ya mkononi, iliyokwisha kutumiwa, nyeusi, rangi imechubuka kwenye pembe. Haikuwa na kioo cha kuakisi ndani yake kama ile ya kwanza, hivyo ilikuwa nyepesi. Ilienea kwenye kiganja cha karani na vidole vikafika vitufe vyote bila kuhama. Ilikuwa na kizuia mtikisiko na betri mbili. Bei laki tano. Akashika rafu, akabana kiwiko, akaacha pumzi iishe, akabonyeza.

Nukta mbili ilisomeka. Akarudia mara tatu. Ikasomeka mara tatu.

"Mwenyezi amejibu," alisema wifi. "Lipa twende, ngoja ngoja yaumiza matumbo."

Saa tisa na dakika arobaini na moja. Kutoka dukani hadi ofisini kwa miguu ni dakika ishirini. Karani alikuwa tayari ameshika zipu ya mkoba. Ndipo akaikuza tena picha ya mwisho, si katikati, bali kwenye pembe, kwa kuwa mwaka mzima uliopita hakuna picha aliyoiacha bila kuzitazama pembe zake.

Juu kushoto palikuwa na mstari mwembamba, umepinda kidogo.

Akafungua picha iliyotangulia. Mstari ulikuwepo. Iliyotangulia hiyo, ulikuwepo.

"Ukuta wako una ufa, fundi?"

Fundi aligeuka akautazama ukuta wake. "Nyumba ya zamani hii, mama. Nyufa hazikosi. Wenyewe si mnasema usipoziba ufa utajenga ukuta."

Karani akailaza kamera ubavu, akapiga tena. Msumari wa kalenda, uliokuwa kulia mwa picha, sasa ulikuwa chini. Mstari ulikuwa palepale, juu kushoto. Msumari ulihama kwa sababu ulikuwa ukutani. Mstari haukuhama.

"Ni wa kamera," alisema.

"Lenzi hiyo," alisema fundi haraka, akaitoa na kuweka nyingine. Akapiga mwenyewe, akamwonyesha. Picha ilikuwa safi, pembe zote. "Umeona?"

Wifi alishusha pumzi. Karani alitazama namba zilizo chini ya picha. Alipopiga yeye, tundu la lenzi lilikuwa limefungwa hadi kumi na sita, kama anavyofunga mtu anayetaka nguzo nzima ionekane sawasawa, mbele na nyuma. Alipopiga fundi lilikuwa limefunguliwa hadi tatu na nusu. Tundu likiwa wazi, kitu kidogo kilicho ndani ya kamera hufifia mpaka jicho likipite.

"Umefungua tundu."

"Mazoea ya mkono, mama."

"Nifungie kumi na sita."

Fundi alifunga. Mstari ukarudi. Wifi alitazama nje.

"Huenda ni vumbi tu," alisema fundi hatimaye, na safari hii hakusema "mama". Akapuliza kwa pampu ya mpira. Mstari ulibaki. Akachukua kijiti chenye kitambaa chake, akakilowesha, akafuta kile kioo chembamba kinachofunika kihisi, ambacho hupokea picha badala ya filamu. Akangoja kikauke. Dakika zilikuwa zikienda. Akapiga. Mstari ulibaki vilevile, hata upana haukupungua.

"Mkwaruzo," alisema karani.

"Mkwaruzo," alikubali fundi. "Mwenye nayo alijaribu kuisafisha mwenyewe. Sikukuuzia mbuzi kwenye gunia, wallahi, sikuujua. Chukua kwa laki nne."

Saa kumi na dakika tano.

Wifi alimvuta mpaka karibu na mlango. "Sikiliza. Mhandisi anapima katikati. Kadi iko katikati. Kona ya juu nani ataitazama?"

"Mimi niliitazama."

"Wewe ni mgonjwa wa pembe. Wenzako hawana ugonjwa huo. Ile mpya haisomi, ile ndogo ni uji, hii inasoma. Duka jingine liko upande wa pili wa mji. Nyamaza tu mpaka kesho, gari likishaondoka utasema."

"Nikinyamaza, na karani atakayekaa mezani kwangu akapelekewa picha hiyo?"

"Atapima."

"Atapima mkwaruzo."

Wifi akamwachia mkono.

Karani alirudi kwenye kaunta, akahesabu laki nne, akaomba karatasi nyeupe isiyo na alama. Akaibandika ukutani, akafunga tundu hadi kumi na sita, akapiga karatasi tupu. Kwa kadi ya vipimo akapima mkwaruzo kwenye picha, akafanya hesabu nyuma ya risiti, akaandika jibu. Fundi alimtia betri mbili mfukoni pamoja na kile kijiti cha kufutia, bure, bila kusema kwa nini.

Walitembea upesi, wifi nyuma, akilalamika viatu vyake kila njia panda. Saa kumi na dakika thelathini na nane walipanda ngazi za ofisi.

Ukumbini ngazi ya kazi ilikuwa imeegemezwa na kadi imebandikwa. Mtu wa maabara alikuwa amekaa kwenye benchi, kamera yake kubwa imelala mapajani kama paka aliyeshiba. Mhandisi alisimama karibu na dirisha na ubao wa kuandikia mkononi.

"Bi Unywele," alisema mtu wa maabara. "Nilidhani umebaki saluni."

"Yake imesomeka," mhandisi alimwambia karani bila salamu. "Mara ya tatu. Panda."

Akapanda. Mkono wa kushoto ulishika ngazi, na chuma kilikuwa cha moto kwa jua la dirishani. Akabana kiwiko. Akaacha pumzi iishe. Akabonyeza mara moja, akashuka, akampa mhandisi kamera. Mhandisi alikuza katikati, akainamisha uso.

"Nukta mbili," alisema. "Mara ya kwanza." Akaandika. Mpaka hapo kamera ilikuwa imepita, na kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi.

"Ina kasoro," alisema karani.

Wifi, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho.

"Mkwaruzo kwenye kioo cha kihisi, juu kushoto. Haufutiki, tumejaribu. Kutoka mita moja na nusu unaonekana kama ufa wa sentimita nane. Picha inayofuata ni ya karatasi nyeupe, ndiyo kipimo chake." Akampa na risiti yenye hesabu.

Mtu wa maabara alicheka kwa sauti. "Jamani. Kaenda kununua ufa dukani, na kulipa kalipa."

Mhandisi hakucheka. Alitazama karatasi nyeupe, akatazama hesabu, akairudia hesabu kwa kalamu yake mwenyewe kando ya ile ya karani. Yalipatikana majibu yaleyale. Kisha akamgeukia mtu wa maabara.

"Ya kwako ina nini?"

"Haina kitu."

"Umepiga karatasi nyeupe?"

"Ya nini, mzee? Ni safi."

Mhandisi alichomoa karatasi kwenye ubao, akaibandika juu ya kadi. "Kumi na sita," alisema. Mtu wa maabara alifunga tundu, akainua kamera kwa mikono miwili, akapiga. Mhandisi alikuza pembe moja baada ya nyingine. Ilimchukua muda. Wifi alikuwa amekwisha kuingia ndani, shingo ndefu.

"Madoa matano," alisema mhandisi. "Moja refu."

"Vumbi hilo. Linafutika."

"Linafutika. Ulijua lipo?"

Mtu wa maabara alitazama kioo cha kamera yake, akakisugua kwa kidole mahali ambapo kusugua hakusaidii. "Sikujua."

"Dada," mhandisi alimwambia karani, "kila ufa utaupiga mara mbili. Mara ya pili kamera iwe imelazwa ubavu. Kazi itakuwa mara mbili."

"Betri ninazo mbili."

"Na kila asubuhi karatasi nyeupe kabla ya daraja la kwanza. Ukiisahau siku moja, picha za siku hiyo nazitupa zote."

"Sawa."

Saa kumi na moja kasoro dakika nane mhandisi aliandika kwenye mstari wa tano wa orodha: mpiga picha, karani wa ripoti; kamera ina mkwaruzo, juu kushoto, umepimwa. Akatia sahihi, akampa karani kalamu, naye akatia yake.