Makasia ya Mpingo

Binti yangu Mutindi aliolewa ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, na mwaka ule wa mvua za El Niño alikuwa na mimba ya kwanza. Hospitali iko kwetu, Kibwezi. Kiangazi mtu huvuka Athi kwa kukunja suruali tu. Novemba ile mto ulijaa ukabeba hata ng'ombe, na sisi tukabaki kutazamana na watu wa ng'ambo.

Kanisa letu likachanga, tukaletewa mashua kwa lori kutoka Mombasa. Haikuwa na makasia. Mchungaji akaniita mimi, Kiilu, niliyechonga mbao kwa miaka thelathini, niyachonge upesi. Nilifurahi mno, kwa sababu nilijua nani atavushwa kwanza.

Sikuwa nimewahi kushika kasia. Lakini mbao nazijua. Kwetu mbao nzuri ni ile inayomshinda mchwa, basi; nguzo, mlango, mpini wa jembe, vyote tunavipima hivyo. Nilizunguka porini siku tatu nikapata mipingo miwili iliyonyooka, kiini cheusi tititi. Nilichonga mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikapiga msasa makasia yakang'aa.

Ng'ang'a, mwenye duka la misumari, aliwahi kuvua samaki Naivasha. Jumapili baada ya ibada aliinua kasia moja, akalirudisha chini haraka.

"Mzee, hii ni nzito sana. Mpingo haielei. Ikiponyoka kwa maji, imeenda."

"Kwani nimechonga bata?" nikamuuliza. "Wewe uza misumari. Hii hata mchwa wa Kibwezi yote hawaiwezi."

Waumini wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Mungu anisamehe, nilijiona fundi.

Uchungu ulimshika Mutindi Jumatano asubuhi. Mashua ilikuwa upande wao, na Jonah, mume wake, alitupigia kelele kutoka ng'ambo kwamba anamleta. Nilikimbia na blanketi hadi ukingoni, nikasimama kuwangoja.

Walipofika katikati, Jonah alikuwa amechoka na ule uzito. Kamba ya kasia la kushoto ikakatika, kasia likamponyoka. Kipande chochote cha mti kingeelea pale pale, naye alikuwa ameshainama, mkono ameunyoosha alidake. Langu lilizama mara moja. Mashua ikaanza kuzunguka. Mutindi akaita, "Baba!" Halafu gogo lililokuwa likielea likawagonga, wakapinduka.

Jonah aliokolewa mbali huko chini, ameng'ang'ania matawi. Mutindi tulimpata siku ya tatu, na mtoto wake tumboni. Mashua ilikuwa imekwama kwenye mawe, kasia la kulia bado limefungwa. Wakaniletea, eti ni kazi ya mikono yangu.

Ng'ang'a alikuja mazishini, akapokea koleo akasaidia kufukia kaburi. Afadhali angenitukana.

Nililichomeka lile kasia kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ili mchwa walimalize. Sasa ni miaka miwili, na kila asubuhi naenda kulitazama. Mchwa wamekula ua wangu, wamekula na msalaba wa kaburi la mwanangu. Kasia bado linang'aa.