Mnadi Bwawani

Baada ya mshtuko wa moyo, daktari alimwagiza Bei Chee afanye mazoezi ya majini, maana maji huubeba mwili na kuyahurumia magoti. Bei Chee ni mnadi wa mitumba. Jina hilo kalipata sokoni kwa kelele zake mwenyewe, na sidhani kama kuna mwanadamu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Mkewe alimsindikiza mpaka bwawani, akakaa kwenye benchi na taulo mapajani. Mazoezi hayakumhusu, alitaka tu kurudi naye nyumbani akiwa hai.

Mwalimu wa mazoezi, binti mpole, aliwaeleza wanafunzi wake kuwa majini mapigo ya moyo hushuka kidogo na jasho halionekani, kwa hiyo mtu huweza kujichosha bila kujua. Yeye hupima kwa maneno. Ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, hapo ndipo penyewe. Ukipiga soga kama uko sebuleni, ongeza mwendo. Maneno yakikatika, punguza.

Kipimo kizuri, ila aliyekitunga hakuwahi kukutana na mnadi.

Bei Chee alikimbia palepale alipo, maji kifuani, akiwanadia wenzake suruali ambazo hazipo. Watu wazima na vitambi vyao wakacheka hadi wakasahau miguu. Mwalimu aliposikia maneno yanamiminika, akamwambia aongeze mwendo. Akaongeza, akahamia kwenye makoti. Akaambiwa aongeze tena.

Mkewe ndiye aliyegundua kwamba bei haishuki. Koti lilelile, bei ileile, mara ya tatu sasa. Tangu amjue, mumewe hajawahi kunadi hivyo; bei yake hushuka kabla mteja hajafungua mdomo. Ulimi ulikuwa unakwenda kwa mazoea tu, mwenyewe hayumo.

Akatupa taulo, akaingia majini na gauni lake, na kuogelea hajui.

"Mpunguzie mwendo, mwanangu," alimwambia mwalimu. "Huyu haongei. Huyu kachoka."

Mwalimu alimtembeza polepole hadi ukingoni, akampima mapigo shingoni, akangoja pumzi zimrudie. Aliomba radhi, kisha akamuuliza kwa upole kwa nini hakusema kachoka, ilhali mengine yote anayasema.

Bei Chee aliyatazama maji.

"Nikinyamaza nausikia moyo," alisema. "Tangu siku ile. Nausikia unavyopiga, nangoja usimame."

Mkewe alishikwa na uchungu. Kwa wiki kadhaa amekuwa akimgombeza kwa kubwabwaja hata kitandani, akidhani ni ujeuri wa mtu aliyepona. Kumbe mwenzake alikuwa anaogopa, na ameogopa peke yake. Akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, palepale ndani ya maji.

"Nyamaza, baba," alimwambia. "Mimi nitausikiliza na wewe."

Akanyamaza. Moyo ukapiga, ukapiga tena, na mkewe hakuondoa mkono.